Simba Bulaya: Hofu ya Njia za Usiku na Picha Zake Mjini Lubumbashi

Huko Marekani, mwezi wa Oktoba unapokaribia kwisha, watu hujipanga foleni usiku ili watishwe. Hununua tikiti, huelezwa masharti, kisha huingia katika kijia kilichofyekwa msituni au kati ya mahindi yaliyokauka, ambako waigizaji waliojipaka damu ya bandia huwarukia kutoka gizani. Mwisho wa kijia hicho mna taa, mna vinywaji, na mna vicheko vya watu waliookoka katika hatari ambayo haikuwapo. Shughuli hiyo imefungamana na Halloween, usiku wa kuamkia Sikukuu ya Watakatifu Wote ya tarehe 1 Novemba. Mizizi yake imo katika desturi za Waselti, na wahamiaji kutoka Ireland ndio waliozieneza Marekani katika karne ya 19. Nyumba na vijia vya kutisha vilistawi hasa katika miaka ya 1930, wakati wa dhiki kuu ya uchumi, wazazi walipotafuta namna ya kuwashughulisha vijana waliozoea kuharibu mali za majirani usiku huo. Baadaye biashara ikaingia kwa nguvu: Disneyland ya California ilifungua jumba lake la mizimu mwaka 1969, na tangu hapo hofu imekuwa bidhaa ya msimu kama maboga.

Bidhaa hiyo ina sharti moja. Anayeinunua lazima awe na hakika kwamba kijia kina mwisho, na kwamba anayemrukia ni mwajiriwa atakayevua kinyago na kwenda nyumbani kulala. Pasipo hakika hiyo hakuna anayelipa. Watu hujifungia ndani. Makala haya yanachunguza mji mmoja wa Kiafrika ambamo mambo yalifuatana kwa mpango mwingine. Katika Lubumbashi, mji wa shaba wa Katanga, njia ya kutisha ilikuwapo kwanza, na watu waliipita kwa sababu hawakuwa na njia nyingine ya kurudi makwao. Picha ya hofu hiyo, iliyonunuliwa kwa fedha na kutundikwa ukutani, ilikuja baada ya kizazi kizima.

Ukanda mtupu

Elisabethville, mji ulioitwa Lubumbashi tangu 1966, ulianzishwa 1910, mwaka ule ule ambao reli kutoka Rhodesia ilifika hapo. Mwaka uliofuata tanuri la kuyeyushia shaba la Union Minière du Haut-Katanga, kampuni iliyoundwa 1906, lilianza kazi. Mitaa ya Wazungu ilipimwa kwa rula, ikanyooka na kupandwa miti. Waafrika walipewa kitongoji chao upande wa kusini, ambacho leo ni Kamalondo. Baina ya sehemu hizo mbili pakaachwa ukanda mtupu wenye upana wa mamia ya mita, usiojengwa nyumba. Sababu iliyotolewa na serikali ya Kibelgiji ilikuwa afya: mbu wa malaria, ilidaiwa, hawezi kuruka mbali kiasi hicho kutoka kwa Mwafrika aliyelala hadi kwa Mzungu aliyelala.

Mbu alizuiwa, au haidhuru alidhaniwa kuzuiwa. Mtumishi wa nyumbani hakuzuilika, kwani Mzungu hakuweza kula wala kufuliwa pasipo yeye. Boyi aliyekosha vyombo vya chakula cha jioni alitoka wakati taa za mji zimekwisha kuwashwa, akauacha mtaa wenye mwanga, akaingia katika ukanda usio na taa akiwa na cheti cha mwajiri mfukoni. Kwa sheria, Mwafrika aliyekutwa mjini usiku bila ruhusa alikuwa mkosaji. Hivyo mtu huyo alikuwa na mambo mawili ya kuogopa kwa wakati mmoja: askari aliyeweza kumsimamisha mbele ya nyumba za Wazungu, na kiza kilichomngoja baada ya nyumba hizo kwisha. Mtu akitaka kujua ni wapi hasa palipokuwa na njia ya mizimu katika Elisabethville, ramani ya idara ya mipango miji inatosha kumwonyesha.

Yafaa ieleweke kwamba kutoweka kwa watu lilikuwa jambo la kawaida katika Katanga ya miongo ile ya mwanzo. Wafanyakazi waliandikishwa kutoka Kasai, Ruanda-Urundi, Rhodesia ya Kaskazini na sehemu nyingine za mbali. Wengi walikufa kwa maradhi ya kambini na ajali za migodini, na habari zao zilichelewa kufika kwao, kama zilifika. Ni kuanzia 1928 tu ambapo Union Minière iliingiza kwa utaratibu siasa ya kuwakalisha wafanyakazi pamoja na wake na watoto wao, kwa kuwa kampuni ilikwisha tambua kwamba kuleta watu wapya kila mara kulikuwa na gharama kubwa kuliko kuwatunza waliopo. Katika mji wa namna hiyo, jirani aliyeonekana jana na asionekane leo aliweza kuwa amekamatwa, amehamishwa, amelazwa hospitali, amekimbia kazi au amefariki. Aliyebaki alihitaji neno moja la kuyakusanya yote hayo.

Mutumbula na ndugu zake

Neno hilo lilikuwa mutumbula, kwa wingi batumbula au mitumbula. Masimulizi yaliwaeleza kuwa ni Waafrika waliofanya kazi ya usiku kwa ajili ya Mzungu. Waliwavizia watu waliotembea peke yao, wakawafunga, wakawapeleka mahali pa siri. Huko mateka walilishwa mpaka wakanenepa, na baadhi ya wasimulizi waliongeza kwamba waligeuka wanyama. Mwisho wao ulikuwa mezani.

Kwa mwanafunzi wa Kiswahili, jina lenyewe lina mengi ya kusema. Sikio lililozoea lugha ya pwani haliwezi kulisikia pasipo kukumbuka kitenzi tumbua: hutumbuliwa jipu, na samaki hutumbuliwa matumbo kabla ya kukaangwa. Sauti /l/ ambayo Kiswahili cha pwani kimeidondosha baina ya irabu imebaki katika Kiswahili cha Katanga, ambako watu husema kufungula na kupasula, kama zisemavyo lugha nyingi za Kibantu zinazokizunguka. Kiambishi ba- cha wingi nacho kimetoka katika mazingira hayo hayo. Mutumbula basi ni neno ambalo kila mkazi wa mji alilipokea kana kwamba ni la kwao, awe Mluba, Mbemba au mtu wa pwani.

Jina la pili, ambalo ndilo lililodumu zaidi katika sanaa, ni Simba Bulaya. Hapa pia sarufi ya mahali imefanya kazi yake. Kama vile ugali ulivyo bukari na unga ulivyo bunga katika Katanga, Ulaya nayo imepewa kiambishi bu-, ikawa Bulaya. Kiunganishi "wa" kimeachwa, na majina mawili yamesimama bega kwa bega. Lakini uzito wa jina umo katika maana yake. Watu-simba na watu-chui walikuwa mada ya zamani katika Afrika ya Mashariki na ya Kati. Huko Singida, Tanganyika, mauaji yaliyohusishwa na watu-simba yalishughulisha mahakama katika miaka ya 1940. Simba wa aina hiyo hutoka porini na hutumwa na mganga au adui wa ukoo. Simba wa Elisabethville alitoka Ulaya. Mtu aliyenyanyua macho kuitazama nembo ya Ubelgiji juu ya mlango wa ofisi ya serikali alimkuta simba huyo amesimama kwa miguu miwili, ulimi nje.

Katanga haikuwa peke yake katika jambo hili. Ng'ambo ya mpaka, katika Rhodesia ya Kaskazini, waliogopwa banyama. Nairobi waliogopwa wazimamoto, na Kampala bazimyomwoto, ambao walidaiwa kutumia magari ya idara hiyo kukusanya damu. Pwani waliogopwa mumiani. Kamusi Sanifu ya Kiswahili na Kiingereza iliyotolewa 1939, maarufu kwa jina la Johnson, inalieleza neno hilo kuwa ni dawa nyeusi iliyoagizwa kutoka Uajemi, kisha inaongeza kwamba wenyeji wengi waliamini ni damu ya watu waliouawa, na kwamba uvumi wake ukizuka, watu wa mjini hawatoki nje jua likishatua. Ni nadra kwa kamusi kusimulia jambo kwa urefu namna hiyo. Inaonekana watungaji wake walilisikia mara nyingi.

Asili ya neno mumiani inastahili kutajwa hapa, kwani inageuza meza. Limetokana na neno la Kiajemi lenye uhusiano na nta na lami, na shina hilo hilo ndilo lililozipa lugha za Ulaya jina la maiti zilizokaushwa za Misri. Katika karne za 16 na 17, unga wa maiti hizo uliuzwa katika maduka ya dawa ya Ulaya, na wagonjwa waliunywa. Mtu wa Mombasa au Tanga aliyeamini kwamba Wazungu hutengeneza dawa kwa miili ya watu weusi alikosea kuhusu karne aliyoishi. Kuhusu uwezekano wa jambo lenyewe, maduka ya Paris na London yalikwisha muunga mkono zamani.

Mwanahistoria Luise White, katika kitabu chake kuhusu uvumi wa wanyonya damu wa Afrika ya Mashariki na ya Kati kilichotolewa 2000, ameonyesha kwamba masimulizi hayo hayafai kupimwa kwa swali la kama yalitokea au la. Yanafaa kusomwa kama ushahidi wa namna watu walivyozielewa kazi, magari, sindano na mishahara. Hoja hiyo ina nguvu. Hata hivyo, msomaji asiichukulie kuwa ruhusa ya kustarehe na uvumi. Mnamo Septemba na Oktoba 2017, kusini mwa Malawi, watu kadhaa waliuawa na makundi yaliyowashuku kuwa wanyonya damu, na Umoja wa Mataifa ukalazimika kuwaondoa wafanyakazi wake katika wilaya za Mulanje na Phalombe. Hofu husema kweli kuhusu jamii, na papo hapo huweza kumpiga mawe mpita njia.

Miaka ya vita

Simba Bulaya alinguruma zaidi katika miaka ya Vita Kuu ya Pili, na sababu zake hazihitaji kutafutwa mbali. Ubelgiji ilipotekwa na Wajerumani mwezi Mei 1940, Kongo ikawa hazina ya serikali iliyokimbilia London. Shaba, bati, mpira na madini ya urani ya Shinkolobwe vilihitajika upesi. Kazi za lazima za vijijini ziliongezwa kutoka siku 60 hadi 120 kwa mwaka. Bei za vitu zilipanda na mishahara ikabaki nyuma. Mwezi Desemba 1941 wafanyakazi wa Union Minière waligoma katika Jadotville, yaani Likasi ya leo, na Elisabethville. Tarehe 9 Desemba, katika uwanja wa mpira wa Elisabethville ambako wagomaji walikuwa wamekusanyika, askari walifyatua risasi. Serikali ilikiri vifo vya watu kiasi cha 50. Kumbukumbu za wakazi zinataja wengi zaidi. Miongoni mwa waliouawa alikuwa Léonard Mpoyi, aliyezungumza kwa niaba ya wafanyakazi.

Tukio hilo lilitendeka mchana, mbele ya umati, na waliohusika walivaa sare. Hakuna aliyehitaji mutumbula ili kulieleza. Lakini baada ya mchana kama ule, ni nani angeweza kumcheka mtu aliyesema kwamba usiku Wazungu wanakula watu? Nyama ya makopo, iliyozidi kuonekana madukani na katika posho, ilitiliwa shaka: ni nyama ya nini, na kwa nini imefichwa ndani ya bati? Hata sindano ilitiliwa shaka. Mwezi Februari 1944 askari wa Force Publique waliasi huko Luluabourg, Kananga ya sasa, na miongoni mwa mambo yaliyowachochea ilikuwa kampeni ya chanjo ambayo walishuku kwamba ilikusudiwa kuwadhuru. Katika lugha yenyewe daraja lilikwisha kuwapo. Mswahili husema kwamba mtu amekula rushwa, amekula mshahara wa mwenzake, amekula jasho la watu, na wala hapati taabu kueleweka. Simba Bulaya alikuwa kitenzi kula kilichopewa makucha.

Wahusika wakuu wa masimulizi hayo, wale waliovizia njiani, walikuwa Waafrika. Jambo hili mara nyingi hupitwa haraka na wale wanaotaka kuyasoma masimulizi kama mashitaka dhidi ya ukoloni pekee. Mkazi wa Kamalondo aliyesimulia habari za batumbula hakumtazama Mzungu tu. Alimtazama pia jirani mwenye kazi isiyoeleweka, anayetoka usiku na kurudi na fedha. Kapita wa kuandikisha wafanyakazi, mpelelezi wa kambini, mtumishi aliyejua mno mambo ya nyumba ya bwana wake, wote waliweza kuingizwa katika kundi hilo. Watumishi wa nyumbani, ambao ndio waliopita ukanda mtupu usiku baada ya usiku, waliweza kuwa mawindo na washukiwa kwa pamoja. Haishangazi kwamba kundi hili hili lilihisi haja ya kujiandikia historia: mnamo 1965 chama cha waliokuwa watumishi kilitoa kijitabu cha historia ya mji, kilichoandikwa na André Yav kwa Kiswahili cha Elisabethville, na ambacho Johannes Fabian alikichapisha upya mwaka 1990 pamoja na tafsiri na ufafanuzi. Kwa watafiti wa Kiswahili, kijitabu hicho ni hazina, ijapokuwa sarufi yake huwakosesha usingizi walimu wa Kiswahili sanifu.

Chui wa Tervuren

Wakati Elisabethville ilipokuwa ikijengwa, Ubelgiji nako kulikuwa na nyumba ya kutisha. Katika jumba la makumbusho la Kongo huko Tervuren, karibu na Brussels, iliwekwa sanamu iliyochongwa na Paul Wissaert mwaka 1913. Inamwonyesha mtu-chui, mwanachama wa kundi la anioto la kaskazini mashariki mwa Kongo, amejifunika ngozi yenye madoa na kuvaa makucha ya chuma, akimnyemelea mtu aliyelala. Vizazi vya watoto wa shule wa Kibelgiji viliongozwa mbele ya sanamu hiyo. Mchoraji Hergé aliichukua sura yake na kuiingiza katika kitabu cha vibonzo cha safari ya Tintin katika Kongo, kilichotolewa 1931, na kwa njia hiyo ikawafikia wasomaji wasiohesabika.

Vitendo vya anioto vilikuwa na historia yake, na watu waliuawa kweli. Lakini ndani ya jumba lile historia hiyo iliondolewa, pakabaki tishio tu. Mtazamaji alitishwa kwa muda, akapita chumba kinachofuata, akanunua kadi ya posta. Masharti yote ya kijia cha Oktoba yalitimizwa: mwenye kutisha amefungwa mahali pake, na njia ya kutokea inajulikana. Zaidi ya hayo, mtazamaji aliambiwa kimyakimya kwamba anayenyemelea waliolala ni Mwafrika, na kwamba Ubelgiji ndiyo inayolinda usingizi wao.

Katika miaka ile ile, maelfu ya kilomita kusini, wakazi wa kitongoji cha Kamalondo walisimulia habari za mnyama mwingine anayenyemelea watu usiku. Hawakuwa na sanamu yake, wala jumba la kuiweka.

Ukutani, juu ya kochi

Picha ilikuja baadaye. Katika miaka ya mwisho ya 1960 na hasa nusu ya kwanza ya miaka ya 1970, miji ya migodi ya Lubumbashi, Likasi na Kolwezi ilijaa wachoraji ambao hawakuwauzia watalii. Walichora juu ya nguo ya magunia ya unga, kwa rangi zilizopatikana, na wateja wao walikuwa wafanyakazi, makarani na wafanyabiashara wadogo wa mitaa ya Kenia, Katuba na Kamalondo. Ilona Szombati-Fabian na Johannes Fabian, waliokuwa Lubumbashi wakati huo, walizichunguza picha hizo na kuchapisha maelezo yake mwaka 1976. Mada zilirudiwarudiwa, kwani mteja aliitaka ile aliyoiona kwa jirani: Mamba Muntu, yaani nguva mwenye nywele ndefu anayetoa utajiri kwa masharti, Colonie Belge, ambamo askari anamchapa mfungwa kiboko mbele ya ofisa Mzungu, na Simba Bulaya.

Wenyewe walikuwa na jina la jumla kwa kazi hiyo: ukumbusho. Picha haikununuliwa ili kupamba tu. Ilitundikwa sebuleni, juu ya kochi, mahali ambapo mgeni akikaa ataiona. Na akiiona atauliza, na mwenye nyumba atasimulia. Watoto waliozaliwa baada ya 1960, ambao hawakuwahi kutembea na cheti, walijifunza habari za batumbula wakitazama rangi. Hapo ndipo hofu ya Elisabethville ilipogeuka kitu cha kutazamwa kwa hiari. Waliokaa chini ya picha waliweza kucheka, kusahihishana, kubishana kama mjomba fulani alitoweka kweli au alikimbia madeni. Mambo kama hayo yamepata kutokea kwingineko: Zanzibar, waliokesha nje kwa makundi mwaka 1995 kwa hofu ya Popobawa, wengi wao wamekuja kusimulia mikesha ile kwa utani.

Hata hivyo, kicheko cha Lubumbashi kilikuwa na mpaka. Mfanyakazi aliyenunua Simba Bulaya mnamo 1973 aliishi katika Zaire ya chama kimoja. Union Minière ilikwisha taifishwa 1967 na kuwa Gécamines. Ofisa Mzungu alikwisha ondoka au amebadili cheo. Askari alibaki. Gari linalosimama mlangoni usiku lilibaki. Kupaka rangi serikali ya wakati huo kama mla watu kungemgharimu mchoraji uhuru wake, lakini nani angemzuia kuchora dhambi za Wabelgiji, ambazo serikali yenyewe ilizilaani majukwaani? Aliyekaa sebuleni alijua kusoma tarehe mbili kwa mara moja. Kwa sababu hiyo ni vigumu kukubaliana na wale wanaoziona picha hizi kama kumbukumbu za mambo yaliyokwisha. Kijia hakikuwa kimefika mwisho. Mwenye picha alikuwa bado njiani.

Mchoraji aliyeifikisha mbali zaidi kazi hiyo ya kusimulia alikuwa Tshibumba Kanda Matulu, aliyezaliwa Elisabethville 1947. Kati ya 1973 na 1974 alichora historia nzima ya nchi yake, kuanzia zama za kabla ya Wazungu hadi utawala wa Mobutu, akamweleza Fabian kila picha kwa Kiswahili. Mgomo wa 1941 umo katika picha hizo. Alijiita mwanahistoria, na hakuomba radhi kwa kutumia jina hilo. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 Tshibumba alitoweka, na hakuonekana tena.

Bei ya shaba ilikuwa imekwisha anguka tangu 1974 na 1975, na mfanyakazi aliyehangaikia bukari hakuwa na fedha za picha. Nguo ya gunia la unga haidumu: rangi hubanduka, mende hula gundi, picha huviringishwa na kuwekwa juu ya kabati. Sebule nyingi zikabaki na kalenda. Katika miaka ya 2000 mradi wa Mémoires de Lubumbashi, uliowakutanisha watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na mwanahistoria Bogumil Jewsiewicki, uliwarudia wakazi wa mji kukusanya masimulizi na vitu vyao.

Ziara ya hiari kwa wafu ipo Lubumbashi, ila haifanywi mwezi wa Oktoba wala usiku. Tarehe 1 Agosti, siku ya wazazi, wakati wa kiangazi, familia huenda makaburini asubuhi na majembe na ndoo za maji, hupalilia, husafisha misalaba, hukaa na waliozikwa. Hakuna anayerukiwa. Wanaoogopwa katika mji huo hawajawahi kuwa wafu.

Huko Tervuren jumba la makumbusho lilifungwa kwa matengenezo mwaka 2013, likafunguliwa tena Desemba 2018. Sanamu ya mtu-chui haikurudishwa kati ya vitu vya maonyesho ya kudumu. Imewekwa katika chumba cha pembeni pamoja na sanamu nyingine za kikoloni zilizostaafishwa. Miaka kadhaa kabla ya hapo, mwaka 2002, mchoraji wa Kinshasa Chéri Samba alikwisha lichora tatizo hilo. Katika picha yake Waafrika wanaivuta sanamu ile kwa kamba waitoe nje ya jumba, na Wazungu wanaivuta upande wa pili ibaki ndani. Jumba lenyewe liliinunua picha hiyo.

Na zile picha 101 za historia alizozichora Tshibumba juu ya magunia ya unga, kwa ajili ya mazungumzo ya sebuleni, zimehifadhiwa Amsterdam, Ulaya, katika makumbusho ambayo mgeni huingia kwa tikiti.